Nilimbeba Mgongoni Wiki Saba

Kidonda kilipona. Nataka hilo lijulikane kwanza, kwa sababu watu wa Bihambwe wakimwona binti yangu anapita na fimbo yake wanadhani kilioza, wanadhani mama yake alikuwa mchafu. Hakikuoza hata siku moja. Hakikutoa usaha, hakikunuka, nzi hakutua juu yake. Kilipona kisafi kuliko sahani za hao wanaonisema. Kilichoharibika ni mguu.

Naandika haya nikiwa na hasira na sitasema kwamba imepoa. Anayetaka kusoma habari za mama mpole aliyevumilia, afunge hapa. Mimi sikuvumilia. Nilipigana na watu wa nyumba yangu, nikashinda, na binti yangu njo aliyelipa.

Nilizaliwa upande wa Itebero, katika msitu wa Walikale. Baba yangu alikuwa kapita, msimamizi wa watu wanaotengeneza barabara, na kwa kuwa yeye mwenyewe alijua herufi chache tu, alinipeleka kwa masista nikae huko mpaka nijue zote. Nikamaliza shule ya watoto, halafu miaka mitatu zaidi ile ya wasichana wakubwa: kushona, kupika, kifaransa, usafi wa nyumba. Ndani ya usafi kulikuwa na somo la vidonda. Tuliliandika katika kaye, daftari letu, kwa wino, tukalisema kwa moyo kama sala. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa. Tumia maji yaliyochemka na kupoa. Lengelenge usilipasue. Usipake siagi, wala majivu, wala masizi, wala mavi ya ng'ombe. Funika kwa kitambaa kilichofuliwa na kupigwa pasi ya moto. Sista aliniita mbele nifunge mkono wa mwenzangu, na bando yangu ya kitambaa ilikaa vizuri hata akawaambia wengine waje kuangalia. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilifikiri nimemaliza kujua habari ya vidonda.

Halafu nikaolewa huku Bihambwe, katika Masisi, juu kwenye baridi, katika nyumba ya watu wa ng'ombe.

Nyumba ya watu wa ng'ombe iko na usafi wake, na huo masista hawakuniambia. Vibuyu vya maziwa vinaoshwa kwa mkojo wa ng'ombe, halafu vinafukizwa moshi wa majani. Maziwa hayachemshwi, kwa sababu ukiyachemsha kiwele cha ng'ombe kitapasuka. Mama mkwe wangu ni mwanamke msafi sana, siwezi kumsingizia. Anafagia mara tatu kwa siku. Kibuyu chake ukikinusa hutapata uchachu wa jana. Lakini usafi wake na wangu hawakujuana, na tulipokutana jikoni ilikuwa kama mapadri wa dini mbili wamepewa altare moja. Wiki ya kwanza aliniona nachemsha maji ya kunywa.

"Mukazana," akasema, kama wanavyomwita mke wa mtoto wao, "hii maji imekukosea nini?"

"Iko na wadudu, Mama."

Akainama, akaangalia ndani ya sufuria muda mrefu. "Siwaone. Labda bananiogopa."

Tulicheka siku hiyo. Tulikuwa bado tunaweza kucheka.

Binti yangu aliungua akiwa na miaka mitatu na kidogo. Ilikuwa asubuhi. Mume wangu alikuwa amepeleka maziwa kwa mzungu mwenye shamba la pareto, mama mkwe alikuwa nje anaanika vibuyu, mimi nilikuwa na chungu cha maharagwe kwenye mafiga matatu. Ndama akaingia katika viazi vyangu. Niliacha chungu na mtoto, nikatoka mbio na mwiko mkononi. Sikufika hata kwenye viazi. Nilisikia sauti ambayo sijui kuiandika.

Alikuwa amerudi nyuma akimkimbia kuku, kisigino kikagonga figa, chungu kikainama. Supu ya maharagwe ilimwagika nyuma ya mguu wa kuume, kutoka pajani mpaka katikati ya shavu la mguu, na yote ikakusanyika pale nyuma ya goti, pale panapokunjika. Maharagwe mengine yalikuwa yameshika ngozi. Nilimwinua, nikamtoa nje, nikamwaga juu yake mtungi mzima wa maji ya baridi, halafu mwingine. Hiyo nilifanya vizuri. Mpaka leo kila mtu aliyesoma ananiambia hiyo nilifanya vizuri.

Mama mkwe alikuja na kibuyu kidogo, kile cha siagi ya zamani, ile inayokaa miezi na kupakwa mwilini. Na alikuwa amekwisha kuita mtoto wa jirani akinge mkojo wa ng'ombe. Kwake hakuna kitu kinachosafisha kuliko hicho. Kama kinafaa kwa chombo cha maziwa, kitakosaje kufaa kwa mguu wa mjukuu?

"Mutoto anaungua na wewe unamutia maji," akasema. "Baridi itaingia mu mifupa. Leta hapa nimupake."

"Mama, weka hiyo mafuta."

"Hii mafuta ilikuwa mu nyumba hii mbele wewe uzaliwe."

"Njo maana inanuka."

Nilisema hivyo. Kwa mama wa mume wangu, mbele ya watu wa uani. Halafu nikachukua kile kibuyu mkononi mwake na kukiweka nje ya uzio. Alikaa chini kwenye jiwe na kufunika uso kwa nguo.

Mume wangu aliporudi alikuta mtoto amefungwa vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi ya makaa, na mama yake bado yuko kwenye jiwe.

"Muke yako amenifukuza na kibuyu yangu," mama akamwambia. "Mu nyumba yangu."

"Mama, hiyo kitu aliisoma."

"Alisoma kuungua?"

"Alisoma kufunga vidonda."

"Na kusalimia batu bakubwa? Hiyo iko mu kitabu gani? Ao hawakufika ku ile ukurasa?"

Mume wangu ni mtu mpole, anaogopa ugomvi kuliko anavyoogopa chui. Aliangalia mtoto, akaangalia mimi, akasema mguu ni wa mwenye kusoma. Njo maneno yake: mguu ni wa mwenye kusoma. Mama mkwe akainuka, akaingia kwake. Toka siku hiyo hakugusa ule mguu. Nilikuwa nimeshinda.

Kesho yake nilimpeleka dispansari. Kutoka kwetu ni mwendo wa saa tatu kama mvua haikunyesha, na kwetu mvua inanyesha. Unapanda, unateremka kwenye kijito, unapanda tena, unashika njia ya Lushebere. Hakuna namna nyingine ya kubeba mtoto wa miaka mitatu katika vilima hivi: unainama, unamweka mgongoni, miguu yake inazunguka kiuno chako, unamfunga na kikwembe, unakaza fundo juu ya matiti. Mguu mbaya niliuacha nje ya kitambaa ili usisuguliwe, lakini ulikuwa umekunjwa hivyo hivyo, umekumbatia ubavu wangu. Mwanzo alilia. Halafu akanyamaza, akalala, pumzi yake shingoni mwangu. Nilishukuru Mungu. Niligundua kitu siku hiyo, na nilijisifu kwa kukigundua: akikunja mguu, maumivu yanapungua. Akiunyoosha, analia. Basi nikamwacha akunje. Nyumbani nikamshonea mto mdogo wa nyasi, nikauweka chini ya goti akilala, ili likae juu, limekunjwa, lipumzike.

Mama gani atachagua kilio, ukiwa umempa njia ya kunyamaza?

Anfirmie, muuguzi wa dispansari, alikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Alifungua vitambaa vyangu, akanusa, akaniangalia.

"Mama, nani alikufundisha hii kazi?"

"Masista."

"Njo maana." Akawageukia wanawake waliokuwa wanangoja kwenye benchi. "Muone. Ninyi munaniletea vidonda na mavi ya ng'ombe ndani, natafuta muguu siuone. Huyu ametoka mbali kuwashinda, na kidonda iko safi kama sahani ya Mupe ku altare. Muige."

Wakaniangalia. Mmoja akasema polepole, bila kunitazama, "Sisi hatukuolewa na sabuni." Wengine wakacheka. Mimi sikujali. Nilirudi nyumbani ile njia yote kama mtu aliyevishwa medali, mtoto mgongoni.

Akaniambia nirudi kila siku ya tatu. Nilirudi kila siku ya tatu. Wiki saba. Sikukosa hata mara moja; hata siku ile kijito kilijaa nilikaa ukingoni mpaka kikashuka, nikavuka. Watu wa njiani wakanizoea. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia karibu na njia aliniuliza kila mara, "Huyu mukubwa bado hashuki?" na mimi kila mara nikajibu, "Iko na kidonda," naye akasema, "Mugongo yako njo itapata kidonda." Kule dispansari anfirmie alimlaza kwa tumbo juu ya mapaja yangu, miguu imekunjwa, kwa sababu hivyo njo mtoto alitulia. Alisafisha, akaweka dawa ya manjano, akafunga. "Kwenda muzuri, Mama," akasema. Nikainama, nikampandisha mgongoni mbele ya macho yake, nikakaza fundo.

Nyumbani nilichemsha vitambaa, nikavianika juani, nikavipiga pasi. Mama mkwe alikuwa anapita pembeni bila kuangalia. Mara moja tu alisimama. Ilikuwa kama wiki ya tano. Mtoto alikuwa amekaa juu ya mkeka, mguu mzuri mbele, mbaya umekunjwa chini yake.

"Huyu mutoto anakaa kama kuku anayelalia mayai," akasema.

Nilimjibu kwamba kuku hawaendi dispansari. Akaenda zake. Alikuwa ameona, yule mwanamke asiyejua herufi moja. Aliona kwa macho tu, akasema kwa namna aliyoweza, na mimi nikamfunga mdomo.

Katika wiki ya saba ngozi ilifunga kabisa. Anfirmie alinipa mkono. Nilirudi nikiimba. Nilipofika nilimweka mtoto chini uani, nikatoa kitambaa cha mwisho, nikamwita mama mkwe aje kuona. Nilitaka aone. Nataka kusema kwamba nilitaka tupatane, na labda ni kweli kidogo, lakini zaidi nilitaka aone.

Alikuja. Aliangalia ile ngozi mpya, inang'aa, rangi ya waridi, bila tundu. Akaitikia kwa kichwa. "Ni vizuri," akasema. "Mukazana, ni vizuri." Na kwa kuwa yeye ana moyo kuliko mimi, alikwenda ndani akaleta kisabo, kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, na kingine kidogo cha kuchezea, akakaa juu ya mkeka. Anayesuka maziwa anakaa miguu imenyooka mbele, sawa kabisa, kibuyu kinalala juu ya mapaja, anakisukuma na kukivuta mpaka siagi itoke. Wasichana wa nyumba ile wanaanza kuigiza kazi hiyo wakiwa wadogo hivyo. Akamkalisha mjukuu karibu naye.

"Nyoosha miguu, mama yangu."

"Nimenyoosha, Nyogokuru," mtoto akamjibu bibi yake.

"Ile ingine."

"Njo hii. Nimenyoosha."

Hakuwa amenyoosha. Goti lilikuwa juu, limekunjwa kama la mtu anayetaka kuinuka, na yeye aliamini limenyooka, kwa sababu alikuwa anasukuma kwa nguvu zake zote na hapo njo lilipofika. Bibi yake akaweka kibuyu kidogo juu ya mapaja yake. Kikateleza upande, kikaviringika mkekani. Mtoto akacheka, akakifuata kwa mikono. Akarudishiwa. Kikaviringika tena.

Mama mkwe akaweka kiganja juu ya goti, akasukuma chini polepole. Mtoto akalia. Nyuma ya goti, pale ngozi yangu nzuri, pakasimama kamba. Sijui kuiita vingine: kamba ngumu, nene kama kidole, kutoka paja kwenda chini, na alivyosukuma ikageuka nyeupe.

Nikachukua mtoto, nikamweka mgongoni, nikarudi dispansari siku hiyo hiyo.

Anfirmie alikuwa anafunga mlango. Aliposhika ule mguu na kujaribu kuunyoosha nilimwona uso umebadilika.

"Mulikuwa munamubeba namna gani?" akauliza.

"Ku mugongo. Nani hapa anabeba mutoto ku kichwa?"

"Na kulala?"

"Na mto chini ya goti."

Akakaa juu ya benchi. Akanieleza, na alieleza vizuri, kijana yule alijua kazi yake. Ngozi iliyoungua inapopona inajivuta. Inavuta kingo zake pamoja kama mtu anayekaza mdomo wa mfuko. Kama kiungo kimenyooka wakati inapona, itapona ndefu. Kama kimekunjwa, itapona fupi, na ikishakuwa fupi haikubali tena. Kidonda cha nyuma ya goti kinafungwa na kijiti, mguu umenyooka, toka siku ya kwanza, mtoto alie asilie. Cha kiwiko vilevile. Vidole vinatenganishwa kimoja kimoja na kitambaa, la sivyo vitashikana. Na mto chini ya goti, akasema, ni kitu kibaya kuliko vyote.

"Ulijua hiyo?" nikamwuliza.

"Tulisoma."

"Ulisoma. Na ulikuwa unaniona naingia hapa na yeye mugongoni. Kila siku ya tatu. Ukaniona natoka na yeye mugongoni. Ukasema kwenda muzuri, Mama."

"Mama, hapa bote banabeba batoto ku mugongo. Mimi mwenyewe nilibebwa. Sikuona." Akashika kalamu zake, akaziachia. "Naangalia vidonda. Natazama kama inanuka ao hainuke. Yako ilikuwa safi sana, sikuwa na wasiwasi na yako."

"Ningemuleta namna gani?"

"Kwa kipoyi. Alale, muguu sawa."

Kipoyi. Machela ya watu wanne, kwa mtoto wa miaka mitatu, kila siku ya tatu. Kipoyi ni ya mgonjwa anayekufa ao ya mzungu anayekagua. Wanaume wa nyumba yetu wangemwachia nani ng'ombe? Ningepita na kipoyi ya mtoto kwenye vilima vile, watu wangetoka mashambani kunicheka. Nilimwambia hivyo. Akasema ni kweli, wangecheka.

Basi wewe unayesoma, kama una mtoto na una moto nyumbani, sikiliza sasa kile ambacho kaye yangu haikuwa nacho. Maji ya baridi mengi, mara moja. Siagi hapana. Sabuni, maji yaliyochemka, kitambaa safi. Halafu ukimaliza kuwa msafi, angalia kiungo. Kinyooshe, kifunge hivyo, na uzibe masikio yako. Usafi unaokoa ngozi, hauokoi goti. Mimi nilijua nusu, na nusu hiyo ilinipa kiburi cha kutosha kukataa kila jicho lililotaka kunisaidia.

Daktari mzungu alikuwa anapita mara moja kwa mwezi. Nikangoja mwezi. Alibonyeza ile kamba kwa gumba, akamwambia anfirmie kwa kifaransa kwamba ingetakiwa kuikata na kupandikiza ngozi, kwamba hapa hakuna anayefanya hiyo, kwamba mtoto bado mdogo na watu hawa wanazoea haraka.

Nikamwambia kwa kifaransa kwamba hatazoea, na kwamba nauliza ni wapi wanafanya.

Akainua macho. Kwa mara ya kwanza aliniona. "Umejifunza wapi kusema vizuri hivyo?" akaniuliza.

Nikauliza tena ni wapi wanafanya. Akataja mji ulio mbali, wa kwenda kwa ndege. Akaniuliza kama nilisoma kwa masista. Alitaka sana kujua habari ya kifaransa changu. Nilimfunga mtoto mgongoni, sikumuaga.

Nikaamua kufanya mwenyewe. Mume wangu alikata mianzi, nikaipasua vipande vitatu, nikavizungushia vitambaa laini. Kila asubuhi yeye alimshika mabega, mimi nilisukuma goti chini mpaka mahali kilio kinapokatika na kuwa kitu kingine, halafu nikafunga hapo. Kesho yake nikasukuma kidogo zaidi. Nilikuwa nimeziba masikio, kama nilivyowaambia ninyi mzibe. Siku ya nne goti lilikuwa limeshuka kwa upana wa vidole viwili. Nilipima. Mume wangu alisema tuache. Nikamwambia mguu ni wa mwenye kusoma. Akashika mabega.

Siku ya sita kamba ilipasuka. Si ndani, ngozi yenyewe, ile ngozi nzuri, ilichanika kwa kukingama, na damu ikapita katika vitambaa. Sasa nilikuwa na kidonda kipya pale pale. Nilijua kikiachwa kimenyooka kinaweza kupona kirefu. Njo nafasi niliyoikosa mara ya kwanza, imerudi. Nikaosha, nikafunika, nikafunga mianzi tena.

Siku ya nane mtoto akaacha kula. Siku ya tisa akawa wa moto. Alikuwa halii tena ninapoingia. Alikuwa anageuza kichwa kwenye ukuta. Nikifika karibu anaanza kutetemeka mabega, kabla sijamgusa. Akaniambia "Mama, si wewe." Alikuwa anaomba aje mtu mwingine.

Siku ya kumi na moja, mchana, mama mkwe aliingia. Nilifikiri amekuja kunionyesha kwamba alikuwa na haki, na nilikuwa tayari kumjibu. Hakubeba siagi, hakubeba kitu. Alikaa chini, akaweka kichwa cha mtoto juu ya mapaja yake. Akaangalia mianzi, akaangalia damu iliyokauka pembeni.

"Mukazana," akasema. "Itanyooka?"

"Sijui."

"Anfirmie alisema?"

"Alisema kama ningefanya siku ya kwanza."

"Na sasa?"

Nikageuza macho kwenye mianzi.

"Mimi sikusoma," akasema. "Nauliza tu. Tunatafuta nini hapa: muguu ao mutoto?"

Nilitaka kumwambia vyote viwili. Nilitaka kumwambia kwamba msichana asiyeweza kusimama kwa miguu miwili hapa kwetu hapandi kilima, habebi maji, haendi shule iliyo mbali mwendo wa saa mbili, haolewi, anakaa uani kwa watu maisha yake yote akihesabiwa kama mdomo wa kulishwa. Yeye alijua hayo kuliko mimi. Yeye njo aliyeishi hapa. Aliyajua, na bado aliuliza.

Nikafungua fundo la juu. Nikafungua la katikati. Nilipofungua la chini, mguu ukapanda wenyewe, taratibu, goti likaja mpaka karibu na tumbo, na mtoto akatoa pumzi ndefu, akalala pale pale mchana kweupe, mdomo wazi.

Asubuhi yake nilinawa mikono kwa sabuni. Nikachemsha maji, nikaacha yapoe, nikaosha kidonda, nikakifunika. Mguu niliuacha vile mtoto mwenyewe alivyotaka.